Jina la Nane

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimekasirika kabla ya saa nne asubuhi, na ninaandika ili nisimrushie mtu mkasi. Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu, basi zitanibeba mimi, Mujinga, jina la kwetu na si tusi.

Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu Mbelgiji mmoja, Madame Godelieve, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani. Duka langu lipo nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, hapa Brussels. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona mapazia. Yeye alitaka turubai. "La meli," akasema. Nilidhani ananitania. Kumbe kuna chama cha wastaafu kinachokarabati skuna ya zamani, meli ya matanga yenye milingoti miwili, iliyotumiwa na jeshi la majini wakati wa vita vya Hitler. Wameifunga kwenye mfereji, upande wa Laeken, na wanataka turubai la kufunika tanga kubwa kabla ya sherehe yao ya tarehe 6 Desemba.

Leo nimeenda kupima. Nikatoa utepe, nikainua macho, nikasoma jina la meli. *Marie-Odile*.

Nikalisoma tena. Hiyo ni meli ya babu yangu. Babu Numbi, baba yake mama, alichukuliwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo katika Katanga, mwaka 1942 akiwa askari, akapelekwa hadi mdomo wa mto Kongo, akapika ndani ya *Marie-Odile* miaka mitatu, huku ikizunguka pwani na mzinga mmoja mbele. Nimekua na hadithi hiyo. Sikujua kama meli bado ipo, sembuse kwamba ipo vituo vitatu vya tramu kutoka kwa mama yangu.

Karibu na usukani wamebandika karatasi yenye maneno ya bamba la shaba watakalolitengeneza. Majina ya Wabelgiji watano, kila mmoja na cheo chake, hata yule ambaye Madame mwenyewe aliniambia alikaa miezi miwili tu, tumbo likamkatalia akarudishwa. Halafu mstari wa mwisho: *et sept indigènes*. Na wenyeji saba.

Wenyeji wa wapi, wa baharini? Hata mbuzi huhesabiwa hivyo hivyo. Nilikunja utepe wangu nikaondoka bila kupima.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Nimerudi kupima, kazi ni kazi. Sikumsalimia mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeenda kwa mama, kwenye nyumba ya wazee ya Laeken. Ana miaka sabini na tisa. Anasahau kama amekula, anasahau kama ni asubuhi. Mimi huandika Kiswahili cha Dar, nilikoishi miaka tisa kabla ya kuja huku, lakini tukikaa wawili tunasema cha Lubumbashi, na hicho mama hajakisahau.

Nikamwambia meli ya baba yake ipo hapa, karibu na dirisha lake. Alicheka mpaka meno yakacheza. Halafu akaanza kuyaimba majina.

Majina yanatoka kwenye wimbo. Mwaka 1973 Tonton Tharcisse, mwimbaji wa soul ambaye Lubumbashi nzima ililia naye, alitoa santuri iliyoitwa *Marie-Odile*. Yeye si ndugu wa damu, ila babu yangu alimbeba mabegani alipokuwa mtoto, na mimi nimemwita tonton, yaani mjomba, tangu nijue kusema. Mwishoni mwa wimbo ule ala zinapungua, ngoma inabaki peke yake, naye anatupa majina ya mabaharia wetu, mmoja mmoja, na kazi ya kila mmoja. Kwetu mwimbaji humtupia jina mtu anayemheshimu, na jina likishatupwa kwenye santuri halifi. Hakuna harusi ya Katanga ambapo watu hawakuyapiga kelele majina yale pamoja naye.

Mama alihesabu kwa vidole. "Numbi wa jiko. Kalenga wa usukani. Ilunga Fupi. Mutombo wa kamba. Kyungu wa mashine. Kasongo Mbili. Mwepu wa taa." Vidole saba. Akafumba mkono.

"Na Bertin wa bendera," nikamsaidia.

"Ule hapana. Bertin hakuonaka bahari, hata siku moja."

"Mama, ni nane. Huit! Wimbo mwenyewe unausahau?"

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Mhudumu akageuka kunitazama. Mama akatazama vidole vyake kana kwamba vimemwibia kitu.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemwambia Madame Godelieve kwamba wale wenyeji wake saba wana majina. Hakukataa. Ndilo linaloudhi kwa watu wa namna hii, hawakatai. Alivaa miwani, akasema nyaraka za jeshi hazina majina hayo, wametafuta miaka minne, na kama nina ushahidi niulete kabla ya tarehe 14 Novemba, siku bamba linapokwenda kwa wayeyushaji wa shaba.

"Ninao," nikamwambia. "Upo kwenye santuri."

Mama akiliona jina la baba yake kwenye shaba kabla hajalisahau, mimi sitadai kitu kingine duniani. Santuri yetu ilivunjika katika kuhama. Lakini wimbo kama ule haukosekani.

Jumamosi, 27 Septemba

Binti yangu Shekinah, anayesomea uuguzi, ameingia na zawadi. Albamu mpya ya Tonton Tharcisse! Nyimbo kumi na nne zilizomjengea jina, zimekusanywa pamoja, zimesafishwa, na picha yake ya ujanani juu ya kasha, nywele kama kichaka na suruali iliyopanuka chini. *Marie-Odile* ni ya tatu.

Tukakaa kuisikiliza. Nilikuwa na kalamu mkononi, nimeshaandika namba moja hadi nane pembeni. Sauti ile bado inaingia chini ya mbavu, siwezi kudanganya. Kinanda, tarumbeta, kiitikio. Ala zikaanza kupungua, ngoma ikabaki peke yake, nikainamisha kalamu. Na wimbo ukafifia ukaisha. Ukaanza wa nne.

Tuliurudia mara tatu. Majina yamekatwa.

"Maman, labda kuko version ingine," Shekinah alisema.

Nikalitupa kasha ukutani. Akaliokota, akasema taratibu, "Hasira hasara, Maman."

"Hasara imeshatokea," nikamjibu. "Hasira ndiyo niliyobaki nayo."

Jumatatu, 29 Septemba

Nimefunga duka saa sita nikaenda kumtafuta Aristote, kijana aliyeitoa albamu. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye kochi jekundu. Nilimwita mwizi wa makaburi kabla hajanikaribisha.

"Maman Mujinga, calme-toi. Si miye. Vieux mwenyewe njo aliniambia: coupe, kata."

"Tharcisse?"

"Yee mwenyewe. Miye nilikuwa nataka kuacha, sababu sherehe ya albamu tutaifanya palepale mu bateau, le six décembre. Tulishapatana na bale ba chama tangu mwezi wa mai. Alors majina ingekuwa muzuri sana. Vieux akakataa."

Tangu Mei. Miezi yote hiyo Tonton alijua meli ya babu yangu ipo Brussels, akanywa chai ya mama yangu siku ya Pentekoste, na hakufungua mdomo. Chai ile ya Pentekoste ndiyo inayoniuma.

Jumanne, 30 Septemba

Evere, kwa Tonton, ghorofa ya nne. Amezeeka. Miaka sabini na saba, soksi za sufu, plasta ya dawa ya kifua imebandikwa hadi shingoni. Ukutani kuna picha yake na ya baba yake, Papa Bertin, katika koti la Jumapili.

"Ikala kwanza, mutoto yangu."

"Sitakaa. Kwa nini ulikata majina?"

"Bon. Wimbo ilikuwa murefu. Batu ya leo habana patience."

"Wimbo wa saba ni dakika tisa, Tonton. Ule hukuukata."

Akainuka kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani. Nikamweleza habari ya bamba, ya mama, ya tarehe 14. Nikamwomba aje nami aseme mwenyewe kwa Madame. Alijibu kwamba mguu unamsumbua, na mvua hii, na tutaona. Yaani mtu aliyeimba mbele ya maelfu anaogopa bibi mmoja mwenye miwani! Nilishuka ngazi nikimtukana kwa lugha tatu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua. Zipu nane. Sijampigia.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Ananipigia yeye. Sipokei.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeipata!

Ni mteja aliyeniambia nimwone Hamissi, kinyozi Mrundi mwenye duka mtaa wa pili. Ukuta mzima wa Hamissi ni santuri alizokimbia nazo kutoka Bujumbura, akaacha viatu. Nilipotaja *Marie-Odile* alizima mashine, mteja nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, akapanda kiti, akaishusha.

"Wallahi, huu wimbo nilioa nao," alisema.

Akaiweka. Mikwaruzo kama mafuta kikaangoni, halafu kinanda, tarumbeta, ngoma. Na majina. Numbi wa jiko, la kwanza kabisa! Hamissi na yule mteja wa nusu kichwa wakayaitikia kwa sauti hadi la nane. Nililia palepale katikati ya nywele za watu. Hamissi akaniazima santuri, akaifunga kwa taulo safi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimempelekea Madame Godelieve. Kwenye chumba chao cha mikutano kuna mashine ya santuri, akasikiliza akiwa amefumba macho, na kwa dakika sita nilimpenda. Kisha akafungua macho akasema, "Ni nane."

"Ndiyo, nane."

"Madame Mujinga, nyaraka zetu zinasema saba. Orodha ya mishahara, orodha ya chakula, orodha ya blanketi. Kila mahali saba."

Akaniambia kwamba amesoma kuhusu muziki wetu, kwamba waimbaji wetu hutupa majina ya rafiki, ya mfadhili, ya yeyote aliyewafurahisha. Kwa hiyo katika nane hawa angalau mmoja si baharia. Nani? Na kama mmoja si wa kweli, atajuaje kuhusu wengine? Shaba haifutiki.

"Siwezi kuweka yote, na siwezi kuchagua," alisema.

Samaki mmoja akioza wote wameoza, ndiyo hesabu yake. Lakini Wabelgiji watano hakuna aliyewanusa. Nikamwambia babu yangu amewapikia hao watano miaka mitatu, angewatia chumvi ya kutosha kama angejua. Sidhani alielewa. Nilitoka nikasahau taulo la Hamissi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba hesabu yake ni sahihi. Vidole saba, mkono umefumbwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nilienda kwa mama kwa upole, na maandazi. Sikumuuliza haraka. Nilimwacha ale, nikamsuka, kisha nikaanza mwenyewe: Numbi wa jiko, Kalenga wa usukani. Akayachukua na kuendelea. Saba. Akafumba mkono.

"Mama, na Bertin?"

"Bertin hakuonaka bahari."

"Alifanya kazi gani basi?"

"Baba yake na Tharcisse, si unamujua? Gardien ya dépôt. Bazee walikuwa banaenda kwake kila dimanche, mu lupango yake, banakunywa, banasemaka bahari. Yee anasikiliza tu."

Mlinzi wa ghala, na wazee uani kwake kila Jumapili. Alisema hivyo bila kupepesa, kama mtu anayesoma. Na mimi mwezi uliopita nilimfokea mbele ya mhudumu kwa kuwa ana akili kuliko mimi. Nilimwomba msamaha. Akaniuliza wa nini. Ameshasahau, bahati yangu.

Meli gani duniani ina mtu wa bendera, kazi yake bendera tu? Miaka hamsini tumecheza na hatukujiuliza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani yatanipasua.

Nimefika Evere saa tatu asubuhi, maji yananitiririka. Sikubisha hodi sana. Tonton alifungua, nami sikungoja anikaribishe. Nilikwenda moja kwa moja kwenye picha ya Papa Bertin nikaiwekea kidole.

"Huyu hakupanda meli."

Alikaa. Alikaa polepole sana, akishika mkono wa kiti.

"Ni nani alikuambia?"

"Mama."

"Mama yako... iko na akili bado, kumbe," alisema, karibu acheke.

"Ulijua?"

"Nilijuaka."

Akanieleza. Nayaandika kama alivyoyasema, na biti kwetu ni viti. "Miye nilikuwa na miaka makumi mbili na tano. Kila dimanche bale bazee banakuya kwetu. Banasema bahari, banasema vita, banasema vile Kalenga aliona sous-marin, meli ya chini ya mayi. Papa anabaletea biti, anaikala chini, ku mlango, anasikiliza. Hakuna mutu alimuuliza kintu, sababu alikuwa hana ya kusema. Tuko watoto, tunaona. Siku ya kurekodi, nilipofika ku majina, nilimuona kule chini ku mlango. Nikamutia. Nilimupatia bendera. Alikufaka anajua iko mu disque na bale bengine. Alilia, Mujinga. Papa yangu alilia."

Angeishia hapo ningemkumbatia. Lakini nilimuuliza kwa nini basi amekata majina yote, na akasema Aristote alipomletea habari ya meli na bamba la shaba, aliogopa. Shaba ina nyaraka, na nyaraka zina watu wa kuhesabu. Wangegundua. Wangeandika gazetini kwamba Tharcisse ni mwongo na baba yake ni mwongo.

"Kwa hiyo ukawazika saba ili kumficha mmoja," nikasema.

"Si kuzika. Kunyamaza tu."

"Tonton, babu yangu alikubeba mabegani!"

"Najua."

"Umekula chakula chake. Umeimba jina lake ukawa tajiri wa sifa. Na sasa unamkata kama uzi."

Nikamtolea karatasi. Mistari minne tu: mimi Tharcisse, mwana wa Bertin, nasema kuwa mabaharia walikuwa saba, hawa hapa, na la nane nililiongeza mwenyewe. Nikamtolea na kalamu. Aliitazama kalamu kama sindano ya hospitali.

"Unataka nimutose papa yangu mu mayi, miye mwenyewe, na hii miaka yangu?"

"Wako hajawahi kulowa," nikamwambia. "Wangu ndiye aliyekuwa majini."

Lilikuwa neno baya. Nililiona likimwingia. Akageuza uso dirishani, na mimi nikaiacha karatasi mezani nikaondoka. Kwenye basi mama mmoja wa Kibelgiji aliniuliza kama niko salama. Nikamwambia siko, na asiniguse.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imekuwa ndefu miaka hamsini na miwili, na imepita juu ya mgongo wa babu yangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Hajasaini.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempelekea Madame ushahidi wa mama, nimeuandika mwenyewe na mama ameweka alama yake. Madame ameusoma mara mbili. Akauliza mama anaishi wapi, nikamwambia, akauliza kwa upole kama ana ugonjwa wa kusahau. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. Afadhali angeitupa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilikaa dukani hadi saa kumi na moja nikitazama mlango. Kila kengele ilipolia niliinuka. Suruali, gauni, suruali, mtu anauliza njia ya stesheni.

Bamba limekwenda. *Et sept indigènes*.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimelishonea turubai pindo lote bila kuinua kichwa. Mita ishirini na mbili. Sindano mbili zimevunjika.

Jumapili, 16 Novemba

Mama ameniuliza kama meli imeondoka. Nimemwambia bado.

Jumatatu, 24 Novemba

Turubai ni la bluu iliyoiva. Leo nilikuwa nakata vipande vya kitambaa cheupe kwa ajili ya shuka la mteja, mkasi ukasimama wenyewe. Nikatazama ule weupe juu ya ule wa bluu.

Shaba ni yao. Turubai nalishona mimi.

Kila herufi ina urefu wa kiganja changu. Shekinah amenichorea kwa chaki, mimi nashona. Kabla hatujaanza aliuliza, "Saba ama nane?"

Nilimfikiria yule mzee chini, kwenye mlango wake mwenyewe, akisikiliza. Nilimwona kabisa, na hasira yangu haikupungua hata uzi mmoja.

"Saba," nikasema.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Nimefika kwa Kyungu wa mashine. Vidole vinavuja damu, basi na ivuje.

Jumamosi, 6 Desemba

Ilikuwa mchana, na mvua ilikuwa imesimama kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nililipeleka turubai limekunjwa, herufi ndani. Wastaafu wawili walilitandaza juu ya tanga bila kuuliza, wakalifunga kamba, wakarudi nyuma kulitazama. Hapo ndipo walipoona. NUMBI WA JIKO na wenzake sita, weupe juu ya bluu, wanasomeka kutoka ng'ambo ya mfereji. Mmoja akasema tulifungue. Madame Godelieve akaja, akavaa miwani, akasoma yote kutoka kushoto hadi kulia. Akasema watu wameshaanza kufika, liachwe kwa leo. Kwa leo!

Watu walifika kweli. Lubumbashi yote ya Brussels, na makoti yao ya manyoya. Hamissi amekuja na mke aliyemuoa kwa ule wimbo. Shekinah alimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele kabisa, blanketi magotini. Bamba la shaba linang'aa pembeni mwa usukani. Wakapiga makofi, wakasoma majina matano na mstari wao wa mwisho, nikatazama maji.

Kisha Aristote akamleta Tonton, amemshika mkono, suti ya rangi ya divai. Alipanda sitahani, akainua kichwa, akaliona turubai. Nilimwona akisoma. Midomo ilitembea jina kwa jina. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni alikokwisha kutafuta. Halafu akanitafuta mimi kwa macho. Sikuyakwepa.

Aliimba nyimbo nne. Sauti imechakaa lakini inajua njia. Ya tano ikawa *Marie-Odile*, na watu wakapiga kelele. Ala zikapungua, ngoma ikabaki peke yake. Aristote akainua mkono, wapigaji wamalizie pale, kama kwenye albamu.

Tonton akatikisa kichwa. Mpiga ngoma akaendelea.

"Numbi wa jiko!" aliita.

"Kalenga wa usukani!" Gati zima likaitikia. Ilunga Fupi, Mutombo, Kyungu, Kasongo Mbili, Mwepu wa taa. Alikuwa akiyasoma kutoka kwenye mshono wangu, amenipa mgongo. Baada ya la saba alinyamaza, na ngoma ikazunguka mahali pa la nane patupu. Lakini watu wa kwetu wanaujua wimbo ule kuliko sala. Mia mbili wakaita wenyewe, wanacheka, "Bertin wa bendera!"

Akainua mkono. Ngoma ikakatika.

"Hapana," alisema kwenye kipaza sauti. "Ule hapana. Bertin hakupandaka mu hii bateau. Bertin ni papa yangu. Alikuwa gardien ya dépôt, na bahari hakuionaka hata siku moja. Ni miye njo nilimutia, na nilikuwa nimedanganya." Akageuka kumtafuta Madame Godelieve, akasema tena kwa Kifaransa, polepole, na akamalizia, "Walikuwa saba, Madame. Karatasi zenu zinasema saba. Majina yao ni yale pale."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Aibu." Tonton alibaki amesimama peke yake na ile suti yake, mikono haijui pa kwenda, na mimi niliyekuwa nimeomba wiki kumi aaibike, nilitamani mtu ampe kiti.

Ni mama aliyezungumza. Alikuwa ameyafuata majina kwa vidole, saba, amefumba mkono. Sasa akainua uso, akasema kwa sauti ile ya zamani ya kuita watoto waje kula:

"Lakini biti ilikuwaka yake!"

Tonton akageuka.

"Biti yote," mama akasema, akipiga mkono wa kiti chake. "Baba yangu aliikala wapi, kila dimanche? Ku biti ya Bertin."

Tonton akaweka kipaza sauti chini, akashuka kwenye gati akishika kamba, akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha mama na suti yake kwenye maji ya mvua. Mama akamuuliza kama amekula.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua tena. Tonton amepita dukani na ile suruali ya rangi ya divai, magoti yameharibika. Nimemwambia ziko nyingi mbele yake, angoje zamu kama wengine. Bado sijamsamehe Pentekoste. Nimeitengeneza mchana huu huu.

Saa tisa akaja Madame Godelieve. Chama kimekutana jana. Bamba litatengenezwa upya, na turubai wanaliomba libaki. Alileta karatasi yenye maneno mapya, nihakikishe wameandika sawa. Nikavaa miwani yangu mimi pia. Wabelgiji watano na vyeo vyao. Chini yake, *et sept indigènes*, halafu nukta mbili, halafu Numbi, Kalenga, Ilunga, na wengine wote, na kazi zao, hakuna herufi iliyokosewa.

"Kuna la kubadilisha?" aliuliza.

Nikavuta droo nikatoa mkasi. Nikaukata ule mstari wote, neno *indigènes* na wenzake, taratibu, kwa ukingo ulionyooka kama wa pindo. Nikasogeza majina saba juu hadi yakagusana na yale matano, nikayabana kwa pini.

"Hivi," nikamwambia.